Siku Niliyofunga Tela Peke Yangu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ni siku moja ya kiangazi kule Sibwesa, mahindi yamekwisha kupukuchuliwa na jua limepita utosini kidogo. Wenzangu wakizeeka hukumbuka ngoma na harusi. Mimi nikifumba macho naona mteremko, naona trekta, naona tela lililojaa magunia. Sikusimulii kwa kuwa napenda kusimulia. Nimesikia umeanza kujifunza kazi ya trekta, na nimesikia unasifiwa kwamba huhitaji mtu wa kukuelekeza. Hata mimi nilisifiwa hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilitoka kwetu Mpimbwe, kwenye mpunga, nikaja Kakese kutafuta kazi, na tajiri mmoja mwenye mashamba akanipa trekta lake niendeshe. Alikuwa na matela mawili. Moja likiwa shambani Sibwesa linapakiwa, lingine nalivuta kupeleka mzigo Mpanda. Nikirudi naliacha lililo tupu, nafunga lililojaa, naondoka.

Kufunga tela, kwa asiyejua, ni hivi. Tela lina mkono wa chuma mbele, na mwisho wa mkono huo kuna tundu. Unarudi nyuma na trekta mpaka tundu lile lilingane na tundu la nyuma ya trekta, ndipo pini inashuka. Ukikosea kwa vidole viwili tu, pini haiingii. Na ukiwa kwenye kiti ule mkono huuoni, mwili wa trekta unaufunika. Ndiyo maana kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine anasimama pembeni anasema njoo, njoo, kushoto kidogo, simama.

Mtu wangu wa pembeni alikuwa Mzee Kasonso, Mkonongo wa Inyonga, fundi wa yule tajiri. Alikuwa mtu wa polepole. Kabla hajanielekeza alikuwa anazunguka tela lote, anatazama mawe yaliyozuia magurudumu, anainama kuchungulia chini, anaulizia kama kuna mtu nyuma. Nami nimekaa kwenye kiti nachemka. Damu ya ujana, mwanangu, haijui kungoja. Siku nyingine alipokuwa na shughuli gereji nilijaribu peke yangu. Nilikuwa narudi nyuma, nashuka, natazama, napanda tena. Nikafanikiwa. Nikafanikiwa mara ya pili na ya tatu, mpaka wapakizi wakaanza kusimulia habari zangu kijiweni. Kichwa kikavimba.

Mzee Kasonso akapata habari. Akaniita chini ya banda la gereji, akanikalisha kwenye tairi kuukuu.

"Filibati, wanasema unafunga tela peke yako."

"Ndiyo, mzee. Si nimeshazoea."

"Umezoea trekta. Tela hujalizoea, maana nyuma yake hujawahi kuona ukiwa kwenye kiti." Akafuta mikono yake yenye grisi. "Hata kama mimi sipo, muite mtu yeyote. Muite mwanamke, muite mpita njia. Asimame tu, akwambie simama."

Nikamjibu ndiyo mzee, kwa mdomo. Moyoni nikasema huyu anaogopa nitamnyang'anya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, nilikuwa nalijua neno hilo tangu utoto, lakini kulijua ni kitu kimoja na kulitii ni kingine.

Wiki hiyohiyo Mzee Kasonso alikuwa amezitengeneza breki za trekta. Litie hilo akilini, kwa sababu ndilo lililonipa mlango wa kutokea, na mlango ule ndio ulionimaliza.

Siku yenyewe nilikuja Sibwesa peke yangu. Yeye alibaki Kakese. Tela lilikuwa limejaa, limeachwa kwenye mteremko, na wapakizi walikwenda kula kwenye nyumba za mbali kidogo. Nilikuwa nimeoa miezi minane tu. Mke wangu, Skolastika, tulikuwa tunamwita Skola, alikuwa kwa dada yake palepale Sibwesa akisaidia mavuno, na aliposikia mlio wa trekta akaja na chakula kwenye bakuli. Akaniona napanda na kushuka, napanda na kushuka. Nilikuwa nimejaribu mara tano na jasho linanitiririka.

Akasema, "Nisimame hapa nikwambie?"

Nikamwambia, "Wewe unajua nini habari ya rivasi? Nenda kakae kivulini huko, unisubiri."

Mwanangu, shamba lile lilikuwa limefyekwa. Hapakuwa na mti. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha tela. Mimi ndiye niliyemtuma. Sikufikiri anakwenda wapi, nilitaka tu aondoke asinione nikishindwa. Akazunguka nyuma ya tela, upande wa chini ya mteremko, akakaa, akanyoosha miguu.

Nilipopanda mara ya sita nilikuwa na hasira. Mawe ya kuzuia magurudumu wapakizi walikuwa wameyaweka madogo, na mimi niliyaona, nikasema yanatosha. Nikarudi nyuma. Kwa hesabu yangu palibaki kama shubiri moja. Hapakuwa na shubiri. Hapakuwa na nafasi yoyote. Nikaachia klachi kwa nguvu, trekta likaupiga ule mkono wa chuma, tela likaruka mawe, likaanza kushuka.

Nilisikia sauti ya Skola mara moja tu. Tela lilikwenda hatua chache likakwama kwenye kichuguu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na miguu iliyovunjika ilikuwa ya mwenzangu.

Wasukuma waliokuwa wanachunga karibu walikuja mbio. Walimtoa, wakamlaza kwenye mkokoteni wao wa ng'ombe mpaka barabarani, na hapo tukapata lori la kutupeleka Mpanda. Njia nzima nilishika kichwa chake. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu, na mimi nilikuwa natazama barabara. Hospitali walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Wa kushoto uliachwa, lakini haukubeba mwili wake tena mpaka anakufa.

Sasa sikiliza jambo lililo baya kuliko hilo.

Siku ya pili tajiri alikuja hospitali. Akasimama karibu na kitanda, akaniuliza, "Ilikuwaje?" Mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri. Nikasema, "Breki zilikataa."

Maneno mawili. Skola alikuwa macho. Alikuwa ananisikia. Akaugeuza uso wake ukutani.

Tajiri hakuuliza zaidi. Breki zilitengenezwa na nani? Na Mzee Kasonso. Jioni hiyohiyo akamfukuza. Na habari ikatembea, maana habari mbaya haihitaji nauli, kwamba Kasonso amekuwa mzee, mikono imechoka, amelemaza mke wa mtu. Hakuna gereji iliyompokea Mpanda yote. Nilisikia amerudi kwao Inyonga, kwenye mizinga ya nyuki. Kabla ya kuondoka alikuja kumwona mgonjwa. Alileta chupa ya asali. Mimi nilikuwa mlangoni. Akanishika bega akasema, "Filibati, nimezikumbuka zile breki usiku na mchana. Sioni nilipokosea. Kama nilikosea, unisamehe, mwanangu."

Mtu niliyemharibia jina ananiomba mimi msamaha. Na mimi nikasema, "Yameshapita, mzee."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, miaka ishirini na tisa. Niliacha trekta, nikarudi Mpimbwe kulima mpunga. Nilimbeba Skola kumpeleka kanisani, nilimbeba kumpeleka kisimani aote jua na wenzake wakifua, nilimbeba mpaka mgongo wangu ukapinda. Watu walinisifu. Walisema Filibati ni mume wa mfano, mwingine angeoa mke wa pili. Kila sifa ilikuwa mwiba. Nilikuwa natamani mtu mmoja anitukane, hata mtoto, lakini hakuna aliyejua la kunitukania, isipokuwa mmoja, naye alinyamaza.

Alinyamaza miaka mingi. Halafu Kwaresima moja, tumekaa jikoni anachambua maharage, akaniuliza kama vile anauliza habari ya chumvi, "Mzee Kasonso bado yu hai?"

Nikasema sijui.

"Nenda ukajue. La miguu yangu nilikusamehe siku ileile. La Mzee Kasonso si langu kulisamehe."

Nikamwambia nitakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno nikasema mvua zimekaribia. Mwaka uliofuata akaniuliza tena, nikasema magunia haya yakiisha. Nilikwenda kwa padri nikaungama, nikidhani nimepata njia ya mkato. Padri akaniambia, "Mungu amekusikia. Sasa nenda kwa mwenye jina ulilolichafua." Sikwenda. Niliogopa macho yake. Mwanangu, mtu anaweza kumbeba mke mgongoni miaka yote hiyo, na bado akashindwa kubeba sentensi moja mpaka Inyonga.

Skola alifariki masika yaliyopita. Homa ya siku nne tu. Siku ya tatu alinishika mkono, nikadhani ataniambia tena. Hakuniambia. Nadhani alikuwa amekata tamaa na mimi. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Tulipomaliza arobaini nilipanda basi mpaka Mpanda, na kesho yake basi la Inyonga. Niliuliza watu, wakanionyesha nyumba ya binti yake, mama mtu mzima anayeitwa Zuhura. Nilipomtajia jina langu aliacha kufagia. Akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Pita. Yuko nyuma."

Mzee Kasonso alikuwa amekaa kwenye kigoda, mdogo kama mtoto, shati limemzidi. Nilipiga magoti nikamsalimia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka porini? Nyuki wameingia?"

Nikamwambia, "Baba, mimi ni Filibati. Wa trekta. Wa Kakese."

"Ukitundika mzinga usiutazametazame," akasema. "Nyuki hawapendi."

Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema akili ya baba imeondoka tangu mwaka wa jana, siku nyingine hata yeye anamwita kwa jina la mama yake.

Nilimweleza hata hivyo. Nilimweleza yote, la mteremko, la mawe, la klachi, la hospitali, kwamba breki zake zilikuwa nzima na mikono yake haikukosea kitu. Nililia kama ambavyo sikulia kwenye msiba wa Skola. Yeye alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayesema lugha usiyoijua. Nilipomaliza akanipapasa kichwa, akaniuliza tena kama nyuki wameingia.

Zuhura ndiye aliyenijibu. Hakupaza sauti.

"Miaka ya mwanzo alikuwa anaota breki. Anaamka anasema nimezikaza, Zuhura, nilizikaza. Spana hakuishika tena. Watu wakimletea hata baiskeli anakataa, anasema mikono yangu ina mkosi." Akamnyoosha baba yake shati. "Ungekuja hata mwaka juzi, kaka, angekuelewa."

Mwaka juzi Skola alikuwa hai, na mimi nilikuwa namwambia nitakwenda baada ya mavuno.

Aliniletea ugali na mboga, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Nilinawa nikakaa mbele ya chakula kile nikashindwa kukimeza. Nikaaga. Mzee hakujua kwamba naondoka.

Nilirudi Mpimbwe nikawaambia watu kanisani ukweli wote, nimemwambia na tajiri wa zamani, ambaye naye ni mzee sasa. Alitikisa kichwa akasema hayo ni mambo ya kale. Maneno yangu hayakurudisha kitu. Huwezi kurudisha jina kwa mtu ambaye amekwisha kulisahau. Majuto ni mjukuu, walisema, na mimi mjukuu huyo nimemlea mpaka amenizidi kimo.

Basi sikia, mwanangu. Usifunge tela peke yako, hata kama unaweza. Muite mtu asimame pembeni, na akisema simama, simama, awe mkeo, awe mtoto, awe mlevi wa njiani. Kazi ya watu wawili ikifanywa na mmoja, kuna wa tatu atakayeumia. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Sema ukiwa bado unatetemeka, kabla ulimi haujapata njia nyingine. Usimtwike mwenzako mzigo wako kwa sababu tu mabega yake yako karibu. Na kama umeshamtwika, usingoje mavuno, usingoje kiangazi, panda gari leo. Aliyekosewa haachi kuzeeka ili akungoje wewe uwe tayari.

Mungu akulinde mikono na mdomo wako. Akupe watu wa kukukataza, na unyenyekevu wa kukatazwa. Na ukifika umri wangu, akujalie kulala usingizi ambao mimi siupati. Nenda salama, mwanangu.