Milio Mitatu ya Ushindi

Machibya wa Kasoli alikuwa na mapenzi ya ajabu na ndama, au ndivyo wanawe walivyoamini. Radi ikipiga tu, huyo, mbio zizini, ajikunyate katikati yao mpaka mvua ikatike. "Nilikuwa nawatuliza," alisema akitoka na samadi magotini. Ni mkewe tu, Kwandu, aliyejua nani alikuwa akimtuliza nani.

Machibya alipigana vita vya Kagera. Karibu na Masaka, makombora yalipoanza kushuka, yeye alilala kifudifudi. Rafiki yake Zengo aliinuka kumtafuta, na Zengo akaishia hapo hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Machibya alishtuka hata mlango ukibamizwa. Lakini kijijini aliitwa shujaa, na shujaa hana ruhusa ya kuogopa. Wanaotunga sheria za namna hiyo hawajawahi kusikia hata gobole.

Mambo yaliharibika mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia. Mkoa, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga, ulitangaza siku ya mapumziko ya kukumbuka ushindi, na mnunuzi mmoja aliyetaka kupendwa na wakulima akatoa ng'ombe wa karamu. Januarius, mtendaji wa kata, akamfuata Machibya shambani.

"Mwadila, mzee," alimsalimia kwa Kisukuma. "Kata nzima tumekuchagua wewe. Utashika mkuki na ngao mbele ya mgeni rasmi. Askari watapiga risasi baridi, milio mitatu, basi."

"Baridi ndiyo nini?"

"Haziui, mzee wangu. Ni kelele tu."

Kelele tu! Machibya angekataa, angeulizwa sababu. Angekubali kisha aanguke, wanawe wangeona baba yao ni mtu wa namna gani. Akakubali, maana mdomo wake ulimwahi.

Kila jioni baada ya kukamua, Kwandu alimsimamisha nyuma ya nyumba, akachukua debe tupu na mchi. Paa! Machibya chini.

"Inuka, baba Salu. Ni debe."

Paa! Chini tena. Wiki ya pili ikamkuta anasimama, ingawa meno yalikuwa yakigongana.

"Umeona? Utaweza," alisema Kwandu.

"Debe nakuona ukilishika," alijibu. Usiku hakula.

Siku ikafika. Uwanja wa Bariadi ulijaa mpaka juu ya miti. Upande huu walicheza Wagika, upande ule mahasimu wao wa ngoma, Wagalu, na kwenye ngoma zetu hakuna jaji: anayewanyang'anya wenzake watazamaji ndiye mshindi. Machibya alisimama katikati peke yake, mkuki ukimteleza kwa jasho. Alimtafuta Kwandu kwa macho, akamwona mstari wa mbele, ngumi mbili kifuani.

Mlio wa kwanza ukapasuka.

Hakujua alifikaje chini. Uso ulikuwa mavumbini, mikono kichwani, na sauti yake mwenyewe ikilia, "Zengo, lala! Zengo, lala chini!"

Kisha vigelegele vikalipuka. Watu wamezoea wachezaji wanaojitupa na kugaagaa ili kuvuta macho, na hawakuwa wamewahi kumwona aliyeanguka vizuri namna ile. Wakawaacha Wagika, wakawaacha Wagalu, wakamkimbilia yeye. Machibya alisikia ardhi ikitetemeka kwa miguu mingi, akajua wanakuja kummaliza. Akajikojolea.

"Huyo ndiye mzee wetu!" Januarius alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Anatuonyesha vita ilivyokuwa!"

Kwandu alijipenyeza akilia. "Yaya! Hapana! Mwacheni! Anaogopa kweli!"

Wakacheka zaidi. Waliona mke naye anajua kucheza. Nyuma yake wanawe walikuwa wakiruka kwa fahari, wakiwaambia wenzao, "Ni baba yetu huyo!"

Mgeni rasmi alifuta machozi ya kicheko, akawapungia askari mkono. "Ngojeni kwanza asimame. Wa nyuma hawakuona."

Vijana wawili wakamwinua Machibya, wakampangusa vumbi, wakamrudishia mkuki. Kwandu alikataa kuondoka, akabaki amemshika kiuno.

"Ni debe, baba Salu," alimnong'oneza. "Ni debe tu."

Askari wakainua bunduki.