Leo Nimeitikiwa Marahaba na Sikuwa Nimeamkia Mtu

Jamani, kuna mtu amewahi kujibiwa marahaba kabla hajatoa shikamoo?

Mimi. Leo. Hapahapa Babati.

Tulikuwa semina ya wajasiriamali. Mnakaa wawili wawili, mna dakika mbili za kujieleza, kengele ikilia unahamia kiti kingine. Mwezeshaji akasisitiza: "Salamu ziacheni, zinakula muda. Nenda moja kwa moja kwenye biashara."

Mimi nikatii. Si mnanijua.

Kiti cha nne nikamkuta Mama Neema, mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Singe. Mimi nachapisha lebo za chupa. Yaani huyo ndiye niliyemfuata pale!

Nikamwaga maneno yote. Bei, rangi, sampuli nikazipanga mezani.

Yeye hata hazigusi. Ananiangalia tu, kama anasubiri kitu.

Kengele ikalia. Ndipo akafungua mdomo, taratibu:

"Marahaba."

Nikakusanya sampuli zangu, nikahamia kiti cha pembeni.

Aliyekaa baada yangu ni kaka mmoja wa Bagara. Shikamoo mama, habari za nyumbani, mvua huko Singe zinasemaje. Kengele inalia hajataja hata anauza nini. Na namba ya mama kapewa!

Muda wa chai nikamkimbilia. "Shikamoo mama."

Akatabasamu vizuri kabisa. "Hiyo nilishaitikia, mwanangu."

Akaendelea na chapati yake.

Sasa nyie mnaowajua wamama wa hapa, nisaidieni. Nimesamehewa, au ndiyo nimeshaagwa?