Siku Kompyuta Yangu Ilipomuua Baba Mkwe

Kuna ukumbi mmoja hapa mtaani Komarock ambao mpaka leo nikipita nje yake nainamisha kichwa kwa simu kama mtu anayesoma ujumbe wa maana, na mara nyingine simu yenyewe imezima. Cheka tu, wewe haukuwa huko.

Mimi naandika programu za kompyuta, hiyo ndiyo kazi yangu, na kama kuna kitu kilikuwa kinanijaza kiburi ni kwamba sipangi faili. Kila kitu natupa tu pale: vitabu vya kufundisha programu nilivyopakua na sijasoma hata ukurasa wa kwanza, video za masomo, kazi za wateja, picha, risiti, yote yamechanganyika kama mahindi na maharagwe kwa githeri. Ile njia ya kutafuta inayokuja na kompyuta sikuitaka kabisa, ni kama kumtuma mtoto dukani wakati wa mpira, atarudi jioni na bado bila unga. Kwa hivyo niliandika yangu. Unaipa neno, inaingia ndani ya kila faili, na ile faili iliyotaja hilo neno mara nyingi zaidi inakuja mbele na kujifungua yenyewe. Naliaka, msichana wangu, alikuwa ananiambia, "Kevo, panga hizi vitu zako kwa folda," nami namjibu kwa madaha, "Kupanga ni kwa watu wasiojua kutafuta." (Shika hayo maneno, tutayarudia.)

Sasa babake Naliaka, Mzee Makokha, akastaafu kutoka reli, na familia ikamwandalia sherehe kwa huo ukumbi, watu wakatoka magharibi mwa nchi, basi nzima. Mzee hakuwa ananijua. Alijua tu kuna kijana wa kompyuta atakayeonyesha picha ukutani na projekta. Mpango wetu ulikuwa nifanye hiyo kazi vizuri, mzee anipende, halafu jioni Naliaka anitambulishe. Na aliniomba kitu kimoja pekee: picha za babake nizihamishe mapema kwa flashi. Nikamwambia, "Wacha wasiwasi, nitazitafuta hapo hapo."

Basi msemaji wa sherehe akaita, "Kijana wa kompyuta, hebu tuonyeshe mzee wetu!" Nikaandika jina lote la mzee, polepole, nikijionyesha. Nikabonyeza.

Kuna kitu sikuwa nimefikiria, mimi mtaalamu. Picha za simu hazina jina la mtu ndani, zina nambari tu. Lakini kwa hiyo kompyuta kulikuwa na faili moja iliyomtaja Mzee Makokha karibu kila mstari. Wiki chache kabla, jamaa mmoja wa kuprinti hapa mtaani alikuwa amenipa kazi ya programu ya kutengeneza matangazo ya tanzia, na programu lazima uijaribu na mtu, mtu wa jamaa wengi, mwenye picha ya heshima amevaa tai. Mimi nilikuwa na nani mwingine, na Naliaka alishanisimulia ukoo wao wote?

Ukuta mzima ukajaa. Picha ya mzee nyeusi na nyeupe, mshumaa pembeni, na maandishi makubwa: "Ni kwa masikitiko makubwa, lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu..." Na chini yake, kwamba mikutano ya mazishi inaendelea kila jioni katika ukumbi huu huu tuliokuwa tumekaa.

Nikajaribu kufunga. Kompyuta imeganda (ile programu yangu ya ajabu ilikuwa bado inapekua vitabu ambavyo sijasoma). Ningeng'oa tu waya wa projekta, hata mtoto angejua, lakini mimi nilikuwa bado nabonyeza kitufe kile kile.

Hapo ndipo Senge Rosa (senge kwao ni shangazi), dadake mzee, akatokea jikoni na sinia ya chapati. Akainua macho. Sinia chini.

"Uuuwi! Makokha! Ndugu yangu ameniacha!"

"Rosa, niko hapa," mzee akasema kutoka meza ya mbele, mapambo ya kumetameta shingoni.

"Nyamaza kwanza tusome!"

Mzee akavaa miwani, akaenda mpaka ukutani, akaanza kusoma kwa sauti. Watoto wake, sawa. Ndugu zake ("Umemwacha Barasa wa Webuye," akasema bila kugeuka). Halafu nikakumbuka kinachofuata, na jamani, nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu, kwa sababu kwenye nafasi ya wakwe nilikuwa nimejiandika mimi mwenyewe, kwa utamu tu, nione vile inakaa.

"Baba mkwe wa Kevin Odari, mtaalamu mashuhuri wa kompyuta." Akageuka. "Huyu Kevin ni nani?"

Naliaka akajifunika uso na leso.

"Ni... ni mimi, mzee."

"Kwa hivyo mimi nimekufa na wewe umeoa."

"Ilikuwa ya kujaribu tu, mzee."

"Kujaribu kifo changu ama kujaribu msichana wangu?" Akaugeukia ukuta tena. "Na ng'ombe? Hapa sioni mahali pameandikwa ng'ombe. Nilizikula lini?"

Senge Rosa ndiye alianza kucheka, amekaa chini katikati ya chapati zake, ukumbi wote ukamfuata. Mzee alijaribu kukunja uso, akashindwa. Akanishika bega. "Kijana, mtu huja kwa wakwe na wazee wake, mwenye boma akiwa hai. Nenda ukatafute wajomba zako. Na hao usiwatafute na hiyo kompyuta."

Siku hizi kila kitu changu kiko kwa folda, na nikijaribu programu natumia Bwana Embe na Bibi Papai, hakuna wa kulia. Wajomba walikuja, tukaenda kwa mzee, mambo ya ng'ombe yakazungumzwa vizuri. Lakini wakati wa kutoka mzee akaniita kando.

"Ile tanzia yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Haukuandika kwamba niliongoza kwaya. Rekebisha. Mwongeze Barasa. Halafu uiweke mbali, na usiitafute mpaka uitwe."

Nimerekebisha. Iko kwa folda yake peke yake, na naapa, hiyo moja sitaitafuta.