Kumfundisha Mama Mkwe Kuchuchumaa

Miaka ile mkoa wetu ulipokuwa mpya, Babati nzima ilikuwa inajengwa. Ofisi zilihamia kwenye majengo ambayo rangi haijakauka, mafaili yakaja kutoka Arusha ndani ya magunia, na sisi wa masijala tukawa tunakohoa vumbi lake kutwa nzima. Mimi na mume wangu tulipanga vyumba viwili na sebule kule Singe, kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa bado hajaipiga lipu. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali, na mkoa mpya kwa dereva maana yake ni safari. Leo Kiteto, kesho Simanjiro, wiki nzima hayupo. Kwa hiyo mama yake alipopata kiharusi, watu walisema ameletwa kwa mwanawe, lakini ukweli ni kwamba aliletwa kwangu.

Alikuwa mjane wa Kigorowa, mkulima wa mahindi na maharage, anayeishi peke yake kijijini, juu kidogo ya Bonga. Kabla ya hapo hakuwahi kulala kwetu zaidi ya siku mbili. Alikuwa akija na kuku wake mkononi, anakunywa chai, anatukagua mimi na nyumba yangu, kesho yake anadai kurudi. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, mkono na mguu. Ulimi ulirudi mapema, na ukali wake wote ukarudi nao.

Choo chetu kilikuwa cha shimo, nje, kama vyoo vya nyumba nyingi za Singe wakati ule. Mama hakuweza kuchuchumaa. Mume wangu alinunua kiti cha plastiki, fundi akakikata tundu katikati, tukaweka ndoo chini yake. Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha moto, nilikuwa namwinua Mama kitandani, namkalisha kwenye kile kiti, nageukia ukutani ili asione aibu, kisha nabeba ndoo kwenda kuimwaga. Halafu ndipo chai, halafu watoto na shule, halafu mimi na ofisi. Jioni tena hivyo hivyo. Mgongo wangu ulikuwa unauma mpaka nalala kwa tumbo.

Wiki ya tatu hivi, mume wangu akiwepo, alimwambia mama yake kwa upole kwamba akitaka kwenda kuona nyumba yake, tungemkodia gari na kile kiti tungekipakia.

“Mimi kwangu sirudi na kiti,” akasema Mama. “Nani atabeba ndoo? Watoto wa jirani? Wanibebee haja yangu, halafu kesho nipokee shikamoo yao barabarani? Sirudi. Siku nikichuchumaa mwenyewe, siku hiyo mnipeleke.”

Akageuza uso ukutani, na mazungumzo yakaishia hapo. Mume wangu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanzisha. Wote tulijua kilichokuwa kinangoja kule. Shemeji yake Mama, mdogo wa marehemu baba mkwe, alikuwa ameshatuma neno kwamba msimu huu yeye atalima lile shamba “mpaka mama apate nafuu.” Mvua za kupanda zikimkuta Mama yuko Singe, shamba limekwenda. Alilijua hilo kuliko sisi. Na mimi nilijua la kwangu, nalisema leo kwa sababu nimeshazeeka na sina haja ya kupendeza mtu: asipochuchumaa, nitabeba ile ndoo mpaka mmoja wetu afe.

Hospitali walituelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alimwamkia Mama vizuri kisha akamtesa nusu saa. Alinipa orodha. Afinye soksi iliyokunjwa kuwa mpira, mara nyingi kadiri atakavyoweza. Avute khanga iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha. Anyanyue chupa ya nusu lita yenye mchanga. Atembee akishika ukuta. Na kubwa kuliko yote, asimame kutoka kwenye kiti bila kushikwa, akae, asimame tena. Nikamwambia kijana kwamba Mama anataka kuchuchumaa. Hakucheka. Alisema basi ni kushuka taratibu, kiti kirefu kwanza, halafu kifupi, halafu kifupi zaidi.

“Lakini dada, usimshike mkono,” aliniambia mlangoni, Mama akiwa bado ndani. “Ukimvuta, zoezi umefanya wewe. Hata akilia, mwache ahangaike kidogo. Hapo ndipo mguu unajifunza.”

Ni rahisi kusema ukiwa umevaa koti jeupe. Mimi ni mke wa mwana. Kwa desturi mama mkwe naongea naye nikiwa nimeshusha macho, sembuse kumwamrisha apande na kushuka. Siku ya kwanza nilisema, “Mama, naomba usimame,” kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akaniuliza, “Unaniomba au unaniambia?” Nikasema namwambia. Akasimama nusu, akaanguka tena kitini, akanitukana Kigorowa. Nilikielewa kiasi cha kujua ni tusi.

Tukaendelea hivyo kila alfajiri na kila jioni. Soksi aliidharau, alisema si mtoto. Khanga aliipenda, maana ilifanana na kuvuta ng'ombe. Mabibi wa kijijini walituma mafuta ya kondoo ya kumchulia mguu, nikamchua, nyumba ikanuka mpaka watoto wakahamia sebuleni. Kutoka kiti kirefu tukashuka kwenye benchi la jikoni, kutoka benchi tukashuka kwenye debe lililofunikwa. Kwenye debe tulikaa wiki mbili.

Wakati huo huo, ofisini ikatoka amri kwamba watumishi wote tufanye mazoezi Jumamosi asubuhi kwa ajili ya afya zetu. Tulitakiwa kukimbia kuelekea upande wa ziwani tukiimba na kupiga filimbi, tukirudi tunanyooshwa viungo uwanjani na mtu aliyewahi kuwa mgambo. Nilienda mara moja. Tulipofika nusu ya njia nikakaa kwenye jiwe. Yule mgambo akanijia, akasema, “Dada, mwili wako haujazoea mazoezi.” Mimi! Niliyekuwa nimeshanyanyua mama wa watu, nimebeba ndoo mbili, nimefua mashuka matatu, na bado jua halijakaa vizuri! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa yote ya kicheko. Sikwenda tena, na kwenye karatasi ya mahudhurio nikaandikwa mvivu.

Tatizo letu kubwa halikuwa mguu wa Mama, lilikuwa huruma ya watu. Kwetu mgonjwa hafanyi kitu. Mgonjwa analazwa, analishwa, anafunikwa, na atakayemwacha ajihangaishe anaonekana hana utu. Mume wangu akirudi safari alimbeba mama yake kama mtoto kutoka kitandani hadi barazani, naye Mama akajiachia. Wiki nzima ya debe ikapotea kwa Jumapili moja. Nikimwambia aache, anasema, “Ni mama yangu.” Basi, ni mama yake.

Halafu alikuwepo jirani yetu, mke wa mwenye duka la vyakula lililotazamana na nyumba yetu. Mwanamke mwema, Mwislamu mcha Mungu, mikono yake haikai bila kumpa mtu kitu. Alfajiri moja Mama alikuwa kwenye kigoda, tumeshashuka mpaka hapo, akijaribu kusimama. Mara ya nne aliteleza, akakaa sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimefunga mikono. Akasema, “Nipe mkono.” Nikasema, “Mama, geukia upande wa kushoto, shika kigoda, nyanyuka. Nachelewa kazini.” Akalia. Hakulia kwa kudeka, alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima aliyeshindwa na mwili wake. Nikabaki pale pale.

Jirani akasikia, akaingia bila hodi. Alimwona Mama chini na mimi nimesimama, akanipita, akamkumbatia Mama kiunoni na kumnyanyua.

“Jirani, hivi kweli?” akaniambia. “Mama wa mwenzio huyu! Angekuwa mama yako ungemwacha chini?”

“Daktari ndiye kasema asishikwe.”

“Daktari hana mama?”

Nikachukua mkoba wangu nikaenda ofisini. Njiani nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, kwa sababu lile swali lake kuhusu mama yangu lilikuwa na jibu. Mama yangu ningemnyanyua. Ningemnyanyua kabla hajaanguka.

Kuanzia siku hiyo Mama akaacha kusonga mbele. Siku kumi, kigoda kile kile, na mguu ukawa mzito kuliko mwanzo. Nikadhani kiharusi kinarudi. Siku moja mchana niliomba ruhusa, nikarudi nyumbani, na nikamkuta jirani chumbani na bakuli la uji, anamlisha kwa kijiko. Alikuwa anakuja kila siku nikishatoka. Anamwinua, anamwogesha, anamlisha, anamrudisha kitandani, na kumwambia, “Pumzika, mama yangu, umeteseka vya kutosha.” Mama alikuwa amefumba macho na uso wake umetulia, na sijawahi kumwona ametulia hivyo kwangu.

Nilimwambia jirani asije tena. Sikusema kwa adabu. Nilisema anamuua mama wa watu kwa uji. Aliweka bakuli chini, akajifunga mtandio, akatoka. Tangu siku hiyo nilikuwa nanunua chumvi duka la mbali. Mtaa mzima uliambiwa jinsi ninavyomfanyisha kazi mgonjwa, na kanisani akina mama walinisalimu kwa kifupi.

Alfajiri iliyofuata siku niliyomfukuza jirani, nilipoingia nilimkuta Mama ameshakaa kwenye kigoda, ananingoja.

Tulishuka kwenye matofali mawili ya kuchoma, halafu moja. Kwenye tofali moja nilikuwa naondoka kazini nikiwa nimelowa jasho, na sikuwa nimefanya kitu, nilikuwa namtazama tu. Kumtazama mtu akihangaika na wewe una mikono miwili mizima ni kazi ngumu kuliko kubeba. Mara nyingi nilikaa juu ya mikono yangu ili isimfuate. Lakini nisijisifu sana. Asubuhi nyingine sikuwa na huruma kabisa, nilikuwa nahesabu siku. Nilikuwa nawaza chumba chake kikiwa kitupu, dirisha limefunguliwa, na mimi nimelala kifudifudi mpaka saa moja.

Mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya mlima Kwaraa, Mama aliniambia nitoe tofali. Nikalitoa. Akashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto, akashuka taratibu, akachuchumaa sakafuni. Akakaa hivyo, magoti yanatetemeka, anatazama mbele. Kisha akapanda. Alipofika juu alipumua kama mtu aliyetoka kisimani, akasema, “Tena.” Akarudia mara tatu. Jumamosi iliyofuata tukakodi gari.

Mume wangu alikuwa Kiteto, nikampeleka mimi. Shemeji yake alikuwa amesimama shambani na watu wawili na majembe. Alipomwona Mama anashuka garini na fimbo, kwa miguu yake, alisalimia haraka, akasema alikuwa anapita tu kuangalia mipaka. Mama akamwambia, “Asante. Mipaka ipo.” Wakaondoka.

Hakuingia ndani kwanza. Alichukua kopo la maji, akaenda uani kwenye choo chake cha mabua, polepole, fimbo mbele. Mimi nikabaki nje ya uzio. Alikaa muda mrefu mno. Nilitaka kuita, nikajizuia, nikahesabu kuku wa jirani, nikawahesabu tena. Mwisho nikasikia fimbo inagusa chini. Akatokea, khanga yake imefungwa vizuri, jasho usoni.

Tukakaa barazani. Nilimpangia dawa zake, nikamwonyesha ya asubuhi na ya jioni, ingawa alikuwa anazijua. Alikuwa akitazama shamba.

“Yule jirani yako ni mtu mwema sana,” akasema. “Umwombe msamaha.”

“Nitamwomba, Mama.”

“Lakini ningekaa mikononi mwake ningekufa nimelala. Mwanangu naye vile vile. Wananipenda.” Akausugua ule mguu wa kulia. “Wewe ulitaka niondoke. Nilikuwa nakuona pale mlangoni kila asubuhi. Ulitaka niondoke, ndiyo maana hukunipa mkono.”

Nilifungua mdomo kumkatalia. Maneno ya kumkatalia nilikuwa nayo, mke wa mwana yeyote anayo, daktari alisema, nilikuwa nakutakia mema, wewe ni mama yangu. Nikamtazama usoni, na uchovu wa miezi yote ile ukanikalia mabegani.

“Ndiyo, Mama,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira, akaniambia niwahi gari kabla mvua haijashuka.