Insha ya Jiko la Makaa

Ninaogopa madaftari ya insha. Ni aibu kwa mwalimu wa Kiswahili kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Yakiletwa mezani kwangu, zaidi ya sitini, huyapekua polepole kama mtu anayehofia kuna nyoka kwenye kuni. Zamani niliyasahihisha huku nikinywa chai na kupiga soga na wenzangu.

Hofu yangu ya zamani ilikuwa nyingine. Mimi ni mzaliwa wa Subukia, huku bara. Kiswahili sanifu nilikikuta darasani kama nilivyozikuta hesabu, na kwenye semina, akitokea mwalimu aliyelelewa Mombasa, mimi hunyamaza nisije nikaumbuka. Kisha nikapelekwa kufundisha katika shule ya serikali karibu na mtaa wa Karagita, ambako wazazi wengi hufanya kazi kwenye mashamba ya maua na wametoka kila pembe ya nchi. Wakubwa hudhani kwamba kwa kuwa watoto hao wanaongea Kiswahili kutwa, kazi yangu ni mteremko. Wanaongea, sikatai. Njiani ni Sheng, nyumbani lugha ya mama, darasani Kiingereza katika karibu kila somo isipokuwa langu. Ukiwaambia waandike Kiswahili, wanakuwa mabubu.

Dawa niliyowapa ilikuwa mapambo ya lugha. Niliandika misemo kwenye karatasi ya manila nikaibandika ukutani: giza totoro, kijasho chembamba, kulala fofofo, mithili ya hiki na mithili ya kile. Niliwaambia wazi kwamba atakayetia mitano kwenye insha yake amepita. Wakaikariri kama Baba Yetu. Punde insha sitini zikawa insha moja. Kila mtu aliamka majogoo wakiwika, kila mtu alitokwa na kijasho chembamba, hata aliyeandika kuhusu harusi ya shangazi. Nilicheka, lakini niliendelea kuweka tiki. Alama zilipanda, mwalimu mkuu akanitaja mbele ya wazazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia.

Mwaka jana, katika muhula wa pili, baridi ya Julai ikiwa imetubana, niliwapa Gredi ya Sita insha kuhusu usiku wasioweza kuusahau. Kulikuwa na msichana mmoja mkimya aliyekaa karibu na dirisha. Hakuwahi kuinua mkono, na sikumbuki kama niliwahi kumwuliza jambo lolote ambalo halikuwa la kitabuni. Safari hiyo aliandika kurasa mbili. Nilimsahihisha kwa furaha, nikampa alama za juu kuliko wote, na chini nikaandika kwa wino mwekundu: Umezidisha matarajio. Vizuri sana. Siku ya pili, baada ya kwenda nalo nyumbani, alirudisha daftari. Nikaisoma tena insha ile, nikaamua kubaki nalo niwasomee wanafunzi wa mkondo wa pili wa gredi hiyo wajifunze.

Siku mbili zilizofuata hakuja shule. Sikushtuka. Watoto wetu hukosa, mara mvua, mara mama amepewa zamu na hakuna wa kubaki na mdogo.

Ijumaa nilisimama mbele ya mkondo wa pili nikasoma kwa sauti ya mwigizaji. "Baridi ilikuwa kali mithili ya barafu. Mama aliingiza jiko ndani akaziba mlango kwa blanketi. Kichwa kiliniuma kama kinachopigwa nyundo. Nilimwita mdogo wangu lakini alikuwa amelala fofofo mithili ya gogo. Nilimmwagia maji, ndipo akafungua macho." Nilitua hapo, nikawauliza ni mapambo gani wameyasikia. Mikono mingi ikainuka. Msichana wa dawati la mbele aliinua wake pia, lakini hakutaja pambo lolote.

"Madam, hiyo si ya kutunga," akasema. "Tunaishi ploti moja, mlango kwa mlango. Kwao wanalalanga na jiko. Na huyo mdogo wake jana alianguka kwa mlango."

Niliona herufi zikicheza kwenye karatasi. Kila baridi ikija tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa wasiamke. Nilizijua habari hizo. Mimi mwenyewe hutoa jiko nje kabla sijafunga mlango. Na nilikuwa nimeweka tiki juu ya fofofo, na nyingine juu ya gogo.

Nilimwomba mwenzangu wa darasa jirani anishikie kipindi, nikamchukua yule msichana wa dawati la mbele anionyeshe njia. Manyunyu yalikuwa yameanza na tope la Karagita linajulikana. Nilikimbia na viatu vya kufundishia. Njia nzima nilikuwa nahesabu siku ambazo hakuja, nikijiambia mbili si nyingi, halafu najijibu kwamba mbili zinatosha. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja. Kilichokuja ni ile insha, mstari kwa mstari, pamoja na alama zangu. Nimewahi kuogopa wakaguzi, nimewahi kuogopa kufutwa kazi. Hofu hiyo ya njiani sijawahi kuipata kabla wala baada, na naomba nisiipate tena.

Mlango wao ulikuwa wa mabati, umefungwa kwa ndani. Nilibisha. Kimya. Nilibisha kwa ngumi zote mbili, nikaita jina la mtoto, jirani akatoka kuuliza kuna nini, na bado kimya. Nikaanza kuusukuma kwa bega. Ndipo komeo likasogea taratibu na yule mwanafunzi wangu akatokea, macho mekundu, akijishikilia ukutani. Nyuma yake jiko lilikuwa linawaka. Alikuwa amelifungia ndani kwa sababu ya mvua, anapika uji wa mdogo wake. Mtoto alikuwa kitandani, na hakugeuka licha ya kelele zetu.

Tuliwatoa. Jirani alimvuta mwanafunzi wangu, mimi nikambeba mdogo, nikakaa naye kwenye tope nikimpiga piga mashavu, sijui kwa muda gani. Alifungua macho akanitapikia sketi. Sijawahi kushukuru uchafu kama siku hiyo. Kwenye zahanati waliwaweka hadi jioni na kusema tumewahi, lakini kwamba mdogo alikuwa anaumizwa kidogo kidogo na hewa ya makaa kwa siku nyingi.

Mama yao alitufuata huko akitoka kazini, na gambuti zake miguuni, majani ya waridi yamenasa kwenye aproni. Kwanza alimkumbatia mdogo, kisha mkubwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Nilikuwa nimepanga maneno makali, maana hofu ikipoa kwangu hugeuka hasira. Nikamwuliza vipi mtu mzima analala na watoto na jiko linawaka.

Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Lakini mwalimu, huyu msichana aliniambia hiyo maneno kitambo. Mimi nikaona ni utoto. Akasema basi ataandikia mwalimu, mwalimu ndio anajua. Juzi akaniletea kitabu. Mimi si kusoma sana, lakini niliona umeweka tiki yote, na yeye akanisomea penye umeandika vizuri sana." Alishika mkono wa mtoto. "Nikajua kama kuna shida, mwalimu angeniita. Kwani hukusoma?"

Msichana alikuwa amekaa kwenye benchi kati yetu, akiangalia miguu yake. Hakuinua kichwa, lakini nilijua anasikiliza. Nikamjibu mama yake kwamba niliisoma. Niliisoma mara mbili.