Usingizi kwenye Benchi la Madeleine

Ukuta unaotenganisha nyumba yangu na ya Maman Apolline ni wa mbao, na mbao zenyewe zimeachana. Akikohoa yeye, naamka mimi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nachungulia mambo ya watu. Kile kikohozi kilikuwa changu pia.

Kilikuja baada ya grippe, ile homa ya mafua, iliyozunguka mtaa wetu wa Nyalukemba mvua zilipoanza. Wengine wote tulipona, yeye akabaki na mwasho wa koo. Mchana kikohozi kinamwachia auze makala yake, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara, aongee, agombane na wateja apendavyo. Akishaweka kichwa kwenye mto, macho yakianza kufumbika, ndipo kinaanza. Anakaa, kinanyamaza. Analala, kinarudi. Nilikuwa namsikia akikisemesha gizani: "Weye, nilikukosea nini? Mie sitoki humu. Utatoka weye."

Ndivyo alivyo. Alikuja kutoka Shabunda akiwa bado kijana, mume amekufa, mwanawe Marcellin mgongoni, na tangu afike hapa hajamwomba mtu ruhusa ya kuishi. Alipoweka gunia lake la kwanza la makala barabarani, mwenye duka la jirani alimfukuza. Alisogea hatua moja, akakaa. Duka lile limebadilisha wenyewe mara nyingi, na yeye bado anauza palepale.

Alijaribu maji ya chumvi, akajaribu asali na limao. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akapima makohozi, akamwambia kifua ni kizima. Koo ndilo lililochubuka na grippe, litapona polepole. Mbabula, lile jiko la makala, isilale chumbani, na yeye mwenyewe asilale kichwa kikiwa chini, aegemee kitu. Maman Apolline alitosheka na maneno hayo. Mwanawe Marcellin hakutosheka.

Kwetu Bukavu kikohozi kisichokwisha kinapewa jina kabla hata daktari hajakiona. Kinaitwa karuho. Watu wanasema ni sumu, kwamba adui anakutilia kidogo kwenye kinywaji, halafu unakauka taratibu mpaka unaisha. Ndiyo sababu mtu akikupa kinywaji anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, kisha anakupa kikombe. Si matusi. Ni adabu, na mtoto anaijua mapema kama anavyojua kusalimia.

Sasa kuna Madeleine. Ni mjane kama Apolline, na anauza tangawisi, kinywaji cha tangawizi, kwenye benchi mbele ya lango letu. Hawa wawili wamekunywa pamoja miaka mingi hata wakachoka na adabu hiyo. Madeleine anamimina, Apolline anakunywa, basi. Siku moja kabla ya grippe kumwangusha, Apolline alikunywa hapo hapo, na Madeleine hakuonja. Marcellin akalikumbuka hilo.

"Mama, ule mama hakuonja. Mie mwenyewe niliona."

"Haonjaka tangu weye ungali mutoto. Na weye ulikuwa unakunywa pale. Ulikufa?"

Marcellin si mtu mbaya. Alikuwa anamwogopea mama yake, na mama ni huyo mmoja tu. Lakini hofu ya mtu ikishatoka langoni inageuka habari, na habari ikishuka barabara ya Nyalukemba hairudi. Haikuchukua muda, benchi la Madeleine likawa tupu. Wale wale waliokuwa wanagombania kikombe sasa wanavuka upande wa pili wa barabara. Ukiwauliza, wanakujibu lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo nimeichoka. Wanaoitamka ndio hao hao wanaosema.

Madeleine hakujitetea, maana hapa ukijitetea umekiri. Asubuhi anakuja na bidoni, dumu lake la tangawisi, iliyojaa, jioni anarudi nayo hivyo hivyo. Aliacha kusalimia watu ili wasipate aibu ya kutomjibu. Aliacha hata kuingia kwa Apolline, asimletee matatizo nyumbani. Iliniuma kuliko nilivyodhani.

Kisha Marcellin akamwita mganga, yule anayetoa dawa ya kutapisha karuho. Angekuja Jumapili baada ya misa, na ukoo mzima ungekuwepo kushuhudia mama akitapika. Sasa niambie, nani asiyetapika akinyweshwa dawa ya kutapisha? Lakini matapishi yale yangekuwa ushahidi, na Madeleine angehama mtaa huu, tena kama angepata bahati ya kuhama kwa miguu yake.

Jumapili ikafika. Viti vilipangwa uani, wajomba na mashangazi wamekaa kama wako matangani. Maman Apolline alitoka ndani na kitenge chake cha kanisani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwasalimia wote kwa heshima, akapita katikati ya viti, akaelekea langoni.

"Mama, unaenda wapi? Muganga iko njiani."

"Anikute kwa Madeleine."

Tulimfuata wote, na mimi nikiwa mbele, sifichi. Watu waliokuwa wanatoka misani nao wakasimama. Maman Apolline alifika kwenye benchi, akasema, "Nipatie kikombe."

Madeleine alimimina mpaka tangawisi ikamwagika. Akatazama umati, akainua kikombe akipeleke mdomoni mwake mwenyewe. Apolline akamshika mkono.

"Usionje."

"Apolline, batu banaangalia."

"Ndiyo maana usionje."

Akachukua kikombe, akanywa chote, akakigeuza juu chini ili waone hakijabaki kitu. Na kile kikohozi, bila haya, kikaamka hapo hapo. Alikohoa mpaka akainama. Shangazi mmoja akaanza kulia. Marcellin akaruka kuja kumshika, mama akamwinulia kidole, mwana akasimama alipokuwa. Mama alipopata pumzi akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Hiki kikohozi ni cha grippe," akasema. "Munasema Madeleine ni muchawi. Sawa. Wakubwa walisema, muchawi mupe mwana akulelee. Mie sina mutoto mudogo wa kumupa. Marcellin, leo namupa mama yako."

Akakaa. Aliegemeza mgongo kwenye mbao za lango, kichwa akakilaza kwenye bega la Madeleine, amekaa wima vile vile muuguzi alivyomwambia. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya asubuhi. Akafumba macho.

Hakuna aliyeondoka. Najua walichokuwa wanangoja, walikuwa wanangoja aanguke. Koo lilimwasha mara moja, akakohoa kidogo, Madeleine akapandisha bega lake juu kidogo. Hakikuja tena. Mikono ya Apolline ikalegea mapajani, mdomo ukafunguka, na baada ya muda tukasikia anakoroma. Mkoromo ule sikuwa nimeusikia kupitia ukuta wangu tangu mvua zilipoanza, na nakuambia ukweli, nililia.

Marcellin alisogea, akainama, akaweka mkono karibu na pua ya mama yake. Alibaki hivyo kitambo, akihesabu pumzi labda, kisha akapiga magoti palepale kwenye matope na suruali yake ya misa.

Ndipo mganga akatokea kule chini ya barabara na mfuko wake, akisalimia watu kwa sauti kubwa ya mtu anayengojwa. Madeleine alimwangalia Marcellin.

"Mwambie anyamaze," akasema. "Mama yako analala."

Marcellin akainuka, akaenda kumnyamazisha.