Kiraka cha Mkiani

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Brussels, miaka ya tisini, nilipewa ovaroli iliyonipita urefu na ndege isiyokuwa na mabawa. Ilikuwa ndege ya kuangusha mabomu, ya vita kuu ya pili, na karakana yetu ilikuwa ikiitengenezea makumbusho. Kule Lubumbashi nilikuwa fundi wa ndege kwa miaka kumi na mitano. Huku nilikaa miezi minane bila hata kazi ya kufagia. Mkataba ulikuwa wa majaribio. Nilimshukuru Mungu, nikakaza mkanda.

Kila ndege ina daftari la safari na ajali zake. Hii ilikuwa na ajali tatu. Mara ya kwanza magurudumu yaligoma kushuka, ikatua kwa tumbo. Mara ya pili tairi lilipasuka ikianza kuruka, ikaishia shambani. Ukurasa wa tatu ulijaa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikaufunga.

Mkiani nilikuta kiraka cha bati. Ribiti zake, vile vijisumari vya kushikiza bati, zilikwenda upogo, nyingine zimepondwa vichwa. Nilichukia. Kwetu mkaguzi angemfukuza fundi wa namna hiyo. Nikakibandua, nikakitupa kwenye vyuma chakavu, nikaweka bati jipya, safi kabisa.

Mkuu wa karakana, Mbelgiji aliyezaliwa Lubumbashi, alikuja kukagua, akaniuliza kwa Kiswahili cha kule.

"Kile kipande iko wapi?"

"Niliitosha, nikaitupa, chef. Ilifanywa mubaya."

Akavua miwani. "Bon. Fundi, hapa hatutengenezake ndege ili iruke tena. Tunachunga mambo yenye iliipata. Ile ajali ya tatu, pale njo obus ya muzinga iliingia, ikaua ule muntu wa bunduki ya nyuma. Dada yake anakuya vendredi kuona ile kipande. Utamwambia weye mwenyewe."

Lori lilikwisha kubeba vyuma vyote. Nilijua kazi nayo imekwenda.

Ijumaa yule dada, mama mzee, alikuja kutoka Auderghem, pembeni mwa jiji, na fimbo yake. Nilimwambia kwa Kifaransa, bila kuficha, kwamba nimekitupa kwa sababu kilifanywa vibaya.

"Vibaya vipi?"

"Ribiti zilipinda, mama. Mkono wa fundi ulikuwa ukitetemeka." Kisha nikakumbuka jambo. "Lakini tumbo alilitengeneza yeye yule, sahihi ni moja daftarini. Kule zimenyooka zote."

Alilipapasa bati langu kwa muda mrefu.

"Basi alikuwa akilia," alisema. "Jeshi lilituandikia mistari miwili tu. Sikujua kama kuna mtu alimlilia kaka yangu."

Akanishika mkono, akanishukuru, mimi niliyestahili kukemewa. Mkuu akavaa miwani yake.

"Lundi, sept heures, fundi. Usichelewe."

Jumatatu hiyo, saa moja asubuhi, nilikuwapo, nikabaki pale mpaka kustaafu. Vijana, mkikuta kazi mbovu ya fundi aliyewatangulia, msikimbilie kuing'oa. Ulizeni kwanza siku hiyo alipatwa na nini. Namshukuru mkuu aliyenisimamisha mbele ya mama yule badala ya kunifukuza. Namshukuru pia fundi yule, nisiyemjua hata sura. Kiraka chake kilikuwa bora kuliko changu.